Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: njia za kulipa katika duka la mtandaoni, Unguja na Pemba

Ukurasa huu ni wa wenye maduka wa Unguja na Pemba wanaouza kupitia tovuti au programu ya simu, iwe ni nguo, viungo, vipuri vya pikipiki au halua. Maswali ni yale yanayotufikia kila mara tunapowaunganishia watu mifumo ya malipo, na mengi tumeyaacha kwa maneno yao wenyewe. Majibu hayalingani urefu. Mwenye haraka aanze na swali la salio kutotosha, maana hapo ndipo duka linapowapoteza wateja ambao walishaamua kununua.

Mteja akishabonyeza "Lipa", kunapita nini mpaka oda ithibitishwe?

Kabla pesa haijahama, mambo matatu yanaulizwa: huyu ni mwenyewe? Pesa ipo? Amekubali kiasi hiki kilipwe duka hili? Majibu ya maswali hayo ndiyo idhini.

Kwenye kadi, ombi linatoka kwenye ukurasa wako, linapita kwa kampuni inayokuunganishia malipo, linaingia mtandao wa Visa au Mastercard, linafika benki iliyotoa kadi, na jibu linarudi njia ile ile ndani ya sekunde chache. Kwenye simu mambo ni mengine. Mfumo wako unatuma ombi kwa mtandao wa simu, mtandao unamfungulia mteja menyu yenye jina la duka na kiasi, naye anaweka namba ya siri. Hapo idhini na malipo ni tendo moja: namba ya siri ikishakubaliwa, pesa imeondoka. Kwenye kadi ni matendo mawili yanayoweza kuachana kwa siku kadhaa. Tofauti hii itaturudia huko chini, kwa sababu ndiyo inayoamua njia ipi inafaa kwa bidhaa ipi.

Wengi hudhani wakishapanga nembo za malipo kwenye ukurasa, kazi ya kumpa mteja chaguo imekwisha. Chaguo analolihitaji zaidi ni lile la baada ya jibu la kwanza kuwa "hapana".

Nina Lipa Namba kwenye ukurasa wangu wa Instagram. Haitoshi?

Inatosha kwa duka lenye oda chache unazoweza kuzihakiki moja moja. Mteja analipa, anakutumia picha ya meseji, unafungua simu kuangalia, unafunga mzigo. Oda zikizidi, mambo yanaharibika. Meseji ya kughushi haimchukui tapeli hata dakika, na kijana wa dukani mwenye watu watano mbele yake anaiamini picha bila kuangalia muamala. Picha ya meseji haithibitishi malipo. Kinachothibitisha ni muamala unaouona mwenyewe kwenye akaunti ya biashara.

Lakini usiitupe Lipa Namba yako. Tutaihitaji kama njia ya akiba.

Nianze na njia zipi?

Tatu tu: mitandao ya simu, kadi, na kulipa wakati wa kupokea.

Kwa upande wa simu, weka M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money na HaloPesa. Majina yamebadilika mno miaka hii na wateja wetu, hasa watu wazima, bado wanasema Tigo Pesa, na wapo wasioacha kusema Ezypesa. Andika jina la zamani kwa herufi ndogo chini ya jipya. Ni jambo dogo lakini linapunguza simu za kuuliza "mbona ya kwangu haimo?"

Huna haja ya mkataba na kila mtandao. Zipo kampuni za kuunganisha malipo, kama Selcom, Pesapal, AzamPay na ClickPesa, ambazo kwa mkataba mmoja zinakupa mitandao na kadi pamoja. Kabla ya kusaini, uliza leseni yao ya Benki Kuu ya Tanzania. Malipo ya aina hii yanasimamiwa na Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015. Uliza pia pesa zako zinafika benki baada ya siku ngapi. Wengine ni kesho yake, wengine wanangoja zijae, na mwenye duka anayenunua mzigo kila wiki hawezi kusubiri zijae.

Si vizuri nikiweka nembo nyingi, ili mteja ajue tuko kamili?

La. Tumeziona kurasa zenye safu mbili za nembo, nusu yake hazifanyi kazi. Mteja akibonyeza moja ikamgomea, haamini tena hata zile nzima. Weka zinazofanya kazi leo, na ya juu kabisa iwe ile aliyotumia mara ya mwisho.

Jambo moja watengenezaji wa tovuti hulikosea: kubahatisha mtandao wa mteja kwa tarakimu za mwanzo za namba yake. Tangu 2017 mtu anaruhusiwa kuhama mtandao na namba yake ile ile. Muulize, usimkisie.

Salio la mteja halikutosha. Nifanye nini?

Chukua mfano. Bi mmoja wa Wete, kumi la mwisho la Ramadhani, saa nne za usiku baada ya tarawehe. Kikapuni ameweka kanzu mbili za watoto, baibui na pea ya viatu, jumla shilingi 186,000. Anachagua kulipa kwa simu, anaweka namba ya siri, mtandao unajibu kuwa salio halitoshi. Kwenye maduka mengi anachokiona ni maandishi mekundu, "Muamala umeshindikana", kisha anarudishwa mwanzo na kikapu kitupu. Anaweka simu chini. Asubuhi anapanda daladala kwenda Chake, ananunua kwa mwengine.

Mteja huyu hakuikimbia bei. Alikuwa na sehemu kubwa ya pesa mkononi na duka halikumuuliza.

Kwanza, kikapu kisiguswe. Bidhaa zake zishikiliwe kwa muda unaojulikana, tuseme nusu saa, na muda huo uandikwe. Siku za kuelekea sikukuu saizi za watoto huisha haraka, na hakuna kinachoudhi kama kurudi na pesa ukakuta kanzu ya miaka sita imeshachukuliwa.

Pili, mwambie kilichotokea kwa lugha ya heshima: "Malipo hayakukamilika. Hujakatwa pesa. Kikapu chako kipo." Sentensi ya katikati ndiyo anayoitafuta, kwa hiyo usiiandike mpaka mtandao ukuthibitishie kuwa kweli hajakatwa.

Tatu, mwekee milango hapo hapo. Kulipa sehemu sasa na iliyobaki akipokea mzigo. Kutoa kitu kimoja kikapuni. Kubadili njia, kwa mfano kadi. Kumtumia mtu mwengine kiungo amlipie. Mwache aandike mwenyewe kiasi anachoweza kulipa sasa. Mtandao hautakwambia ana shilingi ngapi, na si haki yako kujua. Weka tu kiwango cha chini, labda theluthi, ili usije kufunga mzigo wa laki mbili kwa arubuni ya elfu tano.

Wapo watakaomalizia kwa huduma za mtandao wenyewe za kukopesha kiasi kilichopungua, kama Songesha ya M-Pesa. Hilo ni deni baina ya mteja na mtandao wake. Wewe umelipwa, usiingie. Wala usimpigie debe, maana mkopo huo una gharama yake, na yeye ndiye atakayeilipa.

Mteja anasema menyu ya kuweka namba ya siri haikutokea.

Mara nyingi laini aliyoandika imo kwenye simu nyengine, au simu ilikuwa katikati ya mazungumzo, au kuna menyu nyengine iliyokuwa wazi. Mara nyengine ni mtandao wenyewe umelemewa, hasa usiku wa mwisho wa mwezi. Ombi likikaa bila kujibiwa linakufa lenyewe baada ya muda mfupi.

Weka kitufe cha "Tuma tena", lakini kisifanye kazi mpaka ombi la kwanza life. La sivyo mteja atapata menyu mbili, atajibu zote mbili, na utakuwa na kesi. Akishindwa mara ya pili, ndipo Lipa Namba inapokuja: muoneshe namba, jina la biashara litakalotokea, kiasi, na namba ya oda ya kuandika kama kumbukumbu. Aliyezoea kupiga *150*00# na kufuata hatua atalipa hivyo bila wasiwasi, pengine kwa amani zaidi kuliko kujibu menyu iliyojitokeza yenyewe. Nasi hatuwezi kumlaumu, kwa jinsi matapeli walivyo wengi.

Amekatwa pesa, lakini duka linasema hajalipa. Nani mkweli?

Wote wawili. Mtandao umekata na kutuma taarifa kwa mfumo wako, taarifa ikapotea njiani: seva yako ilikuwa imezima, au intaneti ilikatika kwa sekunde zile zile. Ndiyo maana mfumo mzuri una hali tatu za malipo: yamekubaliwa, yamekataliwa, na *bado hatujajua*. Hali ya tatu ndiyo inayosahauliwa, na ndiyo inayoleta ugomvi.

Oda ikiwa kwenye hali hiyo, mfumo usikae kungoja. Uulize mtandao kila baada ya muda: muamala wa namba hii umefikia wapi? Mteja aoneshwe: "Tunahakikisha malipo yako, usilipe tena." Maneno "jaribu tena" hapa ni sumu. Na kila ombi la malipo lifungwe na namba ya oda, ili hata likitumwa mara mbili kwa bahati mbaya, lihesabike moja.

Kila siku kabla ya kufunga, linganisha orodha ya oda zako na orodha ya miamala ya kampuni inayokuunganishia. Ukiacha wiki ipite, utakuwa unatafuta shilingi 23,500 ya mtu katikati ya mamia ya mistari.

Mnasema kadi inaweza "kushika" pesa bila kuichukua. Vipi?

Benki ikitoa idhini, kiasi kile kinawekwa kando kwenye akaunti ya mteja. Bado ni chake, ila hawezi kukitumia. Wewe unakichukua baadaye kwa amri ya pili, kwa kawaida ndani ya wiki moja hivi kutegemea benki na aina ya kadi. Muda ukipita, pesa inaachiwa.

Hii ni neema kwa anayeuza kwa kupima. Muuza viungo anayefunga oda ya iliki, mdalasini na pilipili manga hajui uzito kamili mpaka apime. Anashika 60,000, mzigo unakuja 54,500, anachukua 54,500, zilizobaki zinarudi zenyewe. Kuchukua pungufu inawezekana. Kuzidisha hakuna, mpaka uombe idhini mpya.

Adabu yake ni moja: mzigo ukikosekana, achia pesa siku hiyo hiyo. Mteja anayetumia kadi ya akaunti yake ya kawaida anaona salio limepungua na kwake umeshamla.

Kwenye simu, malipo ya kawaida hayana kushika. Kwa hiyo geuza mpangilio: hakikisha mzigo upo kwanza, ndipo utume ombi la malipo. Ukifanya kinyume utakuwa mtu wa kurudisha pesa kila siku.

Kadi ya mteja imekataliwa. Nimwambie nini?

Inategemea benki imejibu nini. Jibu linakuja na tarakimu mbili, na kampuni inayokuunganishia inaweza kukuonesha. 51 ni salio kutotosha: mpe milango tuliyoitaja juu. 54 kadi imepitwa na muda: mwombe nyengine. 57 kadi hairuhusiwi muamala wa aina hiyo, na hapa kwetu mara nyingi maana yake ni kuwa mwenye kadi hajaiwasha kwa manunuzi ya mtandaoni. Aiwashe kwenye programu ya benki yake au afike tawini. 91 benki yake haipatikani kwa sasa, angoje kidogo. 05 ni benki kukataa bila kusema sababu. Mpeleke kwenye njia ya simu moja kwa moja, asihangaike.

41 na 43 ni kadi iliyoripotiwa kupotea au kuibiwa. Hapo usimweleze anayelipa sababu, na usimruhusu kujaribu tena kadi ile. Mwandikie tu kwamba kadi hii haikukubaliwa.

Usiruhusu pia kujaribu kadi moja mara nyingi mfululizo. Mitandao ya kadi inatoza maduka kwa majaribio yaliyopita kiasi, na mwenye kadi za wizi hupenda duka dogo la mbali kuzijaribia.

Ile namba ya siri ya mara moja inayotumwa na benki inawachosha wateja. Niiondoe?

Usiiondoe. Mteja akithibitisha kwa namba ile kisha baadaye akadai si yeye aliyelipa, hasara kwa kawaida inabaki kwa benki yake. Bila uthibitisho huo hasara ni yako, na mwenye kadi anaweza kuleta malalamiko hata miezi mitatu au minne baadaye, wakati mzigo umeshafika Muscat na kuvaliwa.

Nataka wateja walipe kwa awamu. Nani anabeba deni?

Nchi za nje zipo kampuni kama Klarna ya Uswidi, iliyoanza 2005, zinazomlipa mwenye duka mara moja kisha zikamdai mteja wenyewe. Kwetu, kwa duka la kawaida, anayebeba ni wewe au benki mliyokubaliana nayo.

Awamu iliyo salama zaidi ni ile inayokwenda sambamba na kazi. Kofia ya kiua iliyoshonwa kwa mkono inachukua miezi. Mteja alipe arubuni ya kununulia kitambaa na uzi, alipe ya pili akioneshwa picha ya viua vilivyokwisha, amalizie akichukua. Kila awamu ina idhini yake mpya. Anapata menyu kwenye simu, anaweka namba ya siri mwenyewe. Usimkate bila kumuuliza eti kwa sababu alikubali mwanzo. Sanduku la njumu, kitanda cha kuchonga, nguo za harusi, vyote vinakwenda hivi vizuri.

Kumpa mtu simu au friji mkononi kisha umdai miezi sita ni biashara nyengine kabisa. Ikiwa huna mtaji wa kukaa na madeni, usiianze kwa sababu jirani ameanza.

Si riba hiyo?

Hili ndilo swali la kwanza Pemba, na ni haki yao kuuliza kabla ya kununua. Sisi ni watu wa mifumo, hukumu waulizeni masheikh. Tunachoweza kusema ni kile kinachohusu mpangilio wa ukurasa. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah cha 1990, liliruhusu bei ya kulipa baadaye kuwa juu ya bei ya taslimu, kwa sharti wauziana wakubaliane bei moja wakati wa mkataba, na likakataza kuongeza chochote kwa sababu ya kuchelewa.

Hayo yanabadilisha ukurasa wako wa malipo kweli kweli. Bei mbili zioneshwe kabla ya idhini: taslimu 480,000, au awamu nne za 130,000 jumla 520,000. Mteja achague moja. Akishaweka namba ya siri, bei ni hiyo, haiongezeki shilingi. Mfumo mwingi ulionunuliwa nje unakuja na adhabu ya ucheleweshaji inayokua kila siku, umeshawashwa. Uzime. Tafuta mahali panaposema hivyo kwenye mipangilio na uzime kabla hujafungua duka, maana mteja wa kwanza akikutwa na nyongeza, mtaa mzima utajua kabla ya Ijumaa.

Kwa mali kubwa, benki zina milango ya Kiislamu: PBZ Ikhlas ya Benki ya Watu wa Zanzibar, Al Barakah ya CRDB, na Amana Bank. Kwa murabaha benki inainunua mali kwako, kisha inamuuzia mteja kwa bei inayojulikana. Wewe unalipwa mara moja.

Kijana yuko Muscat anataka kumlipia mama yake Chake, lakini nusu tu. Inawezekana?

Inawezekana, na tunaipenda, kwa sababu ndivyo familia zetu zinavyoishi. Oda moja inafunguliwa malipo mawili. Mama anachagua friji, analipa sehemu yake kwa simu, kisha anamtumia mwanawe kiungo kwa WhatsApp. Mwana anaona kilichonunuliwa, kilicholipwa na kilichobaki, analipa kwa kadi. Bei ni ya shilingi. Benki yake ya Oman ndiyo inayobadilisha.

Panga yafuatayo mapema. Oda haifungwi mpaka sehemu zote zipate idhini. Kiungo kina tarehe ya mwisho, tuseme siku tatu. Mwana asipolipa, mama arudishiwe yake yote, au apewe nafasi ya kumalizia mwenyewe. Na ukiweza, anza na kadi: shika pesa ya mwana bila kuichukua, ndipo umtumie mama ombi la simu. Mama akikwama, unaachia iliyoshikwa na hakuna aliyeumia.

Kiungo kisioneshe namba ya simu ya mama wala anwani yake. Viungo vya WhatsApp husafiri.

Wateja wa Pemba wanataka kulipa wakishaona mzigo tu.

Wana sababu. Mtu ameshatumiwa kiatu cha mguu mmoja, sasa anakuamini vipi? Lakini mzigo uliokataliwa Mkoani unakugharimu boti ya kwenda na ya kurudi. Njia ya kati inayofanya kazi: alipe nauli ya mzigo tu wakati wa kuagiza, kwa simu, na bei ya bidhaa akipokea. Aliyelipa elfu tano au kumi hupokea simu yako mzigo ukifika. Asiyelipa kitu, simu yake huwa haipatikani.

Akipokea, alipe kwa Lipa Namba au kwa kuskani msimbo mbele ya mpeleka mzigo, pesa iingie kwenye akaunti ya duka. Misimbo ya TANQR, kiwango kilichowekwa na Benki Kuu, inasomwa na programu za benki na za mitandao tofauti, kwa hiyo mpeleka mzigo anahitaji kibandiko kimoja tu. Taslimu iwe ya mwisho. Kijana anayerudi kutoka Micheweni na laki nne mfukoni ndani ya daladala si jambo la kumfanyia mtoto wa watu.

Niweke bei kwa dola kwa ajili ya wageni?

Hapana. Kanuni zilizoanza Machi 2025 zinakataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani ya nchi. Weka shilingi. Kadi ya mgeni itabadilishwa na benki yake.

Makato ya malipo nimbebeshe mteja?

Wewe ndiye unayejua faida yako. Rai yetu: yaingize kwenye bei. Kama huwezi, yaoneshe mapema, kwenye kikapu, kabla ya kitufe cha "Lipa". Mteja aliyeona 40,000 kwenye kikapu na 41,200 kwenye menyu ya simu anakataa, hata kama nyongeza ni ya haki, kwa sababu menyu ndiyo mahali anapochunga wizi.

Mteja ananitumia picha ya kadi yake kwa WhatsApp nimlipie mimi. Nikubali?

Futa picha, mtumie kiungo cha kulipa. Namba ya kadi isikae kwenye simu yako, daftarini, wala kwenye mfumo wako. Ukurasa wa kujaza kadi uwe wa kampuni inayokuunganishia; wewe unabaki na alama isiyo na maana kwa mwizi, inayotosha kumtambua mteja akirudi. Namba ya siri ya simu na ile ya mara moja ya benki usiziombe hata mteja akizitaja mwenyewe. Andika hivyo kwenye ukurasa, karibu na kitufe: "Duka hili halitakupigia simu kukuomba namba ya siri."

Pesa irudishwe kwa njia gani?

Kwa njia ile ile iliyokuja, na kwa aliyelipa. Mwana akilipa kwa kadi, usimtumie mama kwenye simu kwa sababu ndiye aliyekupigia. Kwenye simu pesa hurudi upesi. Kwenye kadi ni siku kadhaa, mwambie mapema ili asikupigie kila asubuhi. Oda ikiwa ya malipo mawili, kila mmoja arudishiwe kwa kadiri ya alicholipa.

Jihadhari na mchezo mmoja: mtu anapokea mzigo, kisha anaomba mtandao urudishe muamala akidai alikosea namba. Weka saini au picha ya makabidhiano, na ukiulizwa na mtandao jibu siku hiyo hiyo.

Nitajuaje kama ukurasa wangu uko tayari?

Usiujaribu kwa simu yako mpya na laini yenye pesa. Hiyo itapita daima. Tafuta simu ya bei nafuu, intaneti ya vocha ndogo, na laini isiyo na salio la kutosha. Nunua kitu. Ukataliwe. Angalia kikapu kimebaki au kimefutwa, maneno yanasemaje, na mlango wa pili uko wapi. Kisha anza kulipa na uzime intaneti katikati, uone mfumo unasema "tunahakikisha" au unasema uongo. Mwisho mpe mtu asiyejua lolote kuhusu duka lako, kaa kando bila kumsaidia, na uandike kila mahali kidole chake kinaposita.